Baruti Haitiwi kwa Mato

Agosti mwaka 1505, merikebu za Francisco de Almeida zilipoingia mlango wa bandari ya Mvita, watu wa mji walizipokea kwa mizinga. Mizinga hiyo ilikuwa ya Wareno wenyewe: iliopolewa kwenye jahazi lao lililoangamia katika pwani hii miaka michache kabla, ikapangwa kwenye boma lililolinda mlango wa bandari. Merikebu ya mbele ikapigwa, ikajibu, na katika kujibizana huko moto ukaifikia baruti iliyokuwa bomani. Boma likawaka, waliokuwamo wakalikimbia, na merikebu zikapita. Mji ukatwaliwa, ukaporwa, ukachomwa moto. Habari hiyo aliiandika Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara huohuo, na ajali ya baruti aliimaliza kwa sentensi moja mbili.

Wanaoisimulia vita ile hukimbilia mashujaa na majambazi wake. Mimi husimama pale bomani. Nilisomesha fizikia kwa wasichana wa Mombasa mpaka nikastaafu, na historia nimeingilia mlango wa baruti, kwa kuwa babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa bunduki Kibokoni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha chini, mlango wake ukitazama kichochoro kinachoteremka kuelekea Bandari ya Kale. Alitengeneza kufuli, taa na cherehani, lakini kazi aliyotambulikana nayo ilikuwa gobori, zile bunduki ndefu zinazopakiwa kwa mdomo, alizoletewa na watu wa Likoni, Kwale, Rabai na hata mbali zaidi. Nami nashikilia jambo hili kwa moyo wangu wote: silaha za kisiwa hiki zimeandikiwa historia ya aliyefyatua, na aliyepima akaachwa nje. Ilhali kwa zaidi ya karne nne aliyepima ndiye aliyeamua nani arudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa vilivyosagwa pamoja. Ikiwaka mahali pa wazi huvuma, ikatoa moshi, basi. Ikifungiwa ndani ya mtutu, hewa yake ya moto hutafuta pa kutokea, na panapolegea ni pale palipozibwa na risasi. Chini ya nusu ya baruti ndiyo inayogeuka hewa. Iliyobaki ni masizi na chumvichumvi zinazoganda ndani ya chuma na kunyonya unyevu. Shinikizo lake halifuati wingi wa baruti peke yake. Hufuata pia ukubwa wa chembe, uzito wa risasi, jinsi risasi inavyobana, na kama imekaa juu ya baruti barabara au imeacha nafasi katikati. Chembe ndogo huwaka mara moja, kubwa huwaka kwa taratibu, sawa na vijiti na gogo katika jiko la kuni. Ndiyo sababu baruti ya mzinga haikutiwa katika bunduki, na ile ya kuwashia kifani, penye tundu la kupitishia moto, ilisagwa laini kuliko zote. Mtu aliyechanganya hizo tatu hakuhitaji adui.

Wareno walilijua hilo walipoanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiingia Ngomeni leo, usitazame mizinga kwanza. Tazama jinsi buruji za San Felipe, San Alberto, San Mateus na San Matias zinavyotazamana ili ukuta wa moja ulindwe kwa moto wa nyingine, na jinsi jiwe la matumbawe lilivyo laini kiasi cha kuimeza risasi ya mzinga badala ya kupasuka vipandevipande. Halafu jiulize ni nani aliyetembea katika uwanja ule kutoka ghalani hadi kwenye buruji, mchana na usiku, na mzigo wa baruti mabegani, huku kuna mtu pembeni ameshika utambi unaowaka.

Swali hilo hunijia zaidi nikifikia mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni wa ngome alifariki, na Wareno wa kushika amri walikuwa wamekwisha. Amri ikachukuliwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili mwenzetu, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wengine wanane Waafrika, na wanawake Waafrika wapatao 50. Wakaishikilia ngome mpaka msaada ulipofika kwa bahari mwezi wa Septemba. Hesabu hiyo naomba isomwe polepole. Buruji nne, kuta zake, lango, mizinga ambayo kila mmoja unataka watu kadhaa wa kuusafisha, kuupakia na kuurudisha mahali pake baada ya kupiga; na wanaume hawafiki 30. Mzinga haujipakii. Kwa akili yangu ya ualimu, wanawake 50 wale ndio walioifanya hesabu ile itoke. Majina yao hayakuandikwa popote nilipopitia. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, frigeti ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome, na ikakaa mchangani hadi wapiga mbizi wa akiolojia chini ya Robin Piercy walipoifukua baharini miaka ya mwisho ya 1970. Baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho ya Ngome.

Karne ya kumi na tisa ndiyo iliyoitoa baruti mikononi mwa wanajeshi na kuitia sokoni. Tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na ndani yake mna kifungu ambacho kila mwanafunzi wa historia ya pwani angepaswa kukifahamu. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa uhuru, ila bunduki, baruti na risasi: katika kisiwa cha Unguja vitu hivyo viliuzwa kwa serikali tu. Katika bandari nyingine za Sultani viliuzwa kwa yeyote aliyelipa zaidi. Mahali alipotaka kulala mwenyewe, Said hakutaka mtu mwingine awe na baruti. Wakati huo Mombasa ilikuwa bado chini ya ukoo wa Mazrui, waliomkatalia mpaka mwaka 1837.

Basi vipipa vya baruti vikawa vinashushwa pamoja na merekani, shaba na shanga. Bunduki zilizofuata zilikuwa makapi ya majeshi ya Ulaya, na nyingine zilitengenezwa kwa bei rahisi Liège na Birmingham kwa ajili ya Afrika hasa. Majeshi yale yalipohamia bunduki za risasi za kasha, maghala yao yakamwagwa kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Misafara iliyoondoka Mombasa kwenda bara ilibeba gobori kwa ulinzi, kwa tembo, na kwa salamu pia, maana desturi ilikuwa msafara ukifika mahali au ukirudi hupiga bunduki hewani ili watu wajue. Nyingi katika hizo zilishikwa na watu ambao hawakupewa kipimo pamoja na bunduki.

Kwa hiyo nieleze jinsi inavyopakiwa, kama babu alivyonionyesha kwa bunduki tupu na mchanga badala ya baruti.

Kwanza hupuliza mtutu kwa mdomo huku kidole kikisikiliza kwenye kifa kama hewa inatoka. Isipotoka, tundu limeziba kwa masizi na kazi haianzi. Kisha baruti hutoka katika pembe kubwa na kuingia katika kipimo. Haitoki pembeni ikaenda mtutuni moja kwa moja, kwa sababu cheche iliyobaki ndani inaweza kupanda mpaka kwenye pembe nzima mkononi mwako. Kutoka kipimoni humiminwa mtutuni. Halafu kizibo cha makumbi, halafu risasi au marisau, halafu kizibo tena, na kila mara mdeki unashindilia. Mwisho kabisa, jogoo wa bunduki akiwa nusu njia, ndipo fataki inapowekwa juu ya kifa. Kwa zile za gumegume, ni baruti laini kidogo kwenye kisahani.

Kipimo cha babu kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi iliyotobolewa, ikakatwa kwa msumeno palepale ujazo wa bunduki ile unapokoma. Kila bunduki ilikuwa na chake, kimefungwa kwa uzi kwenye ukanda. Mtu akileta bunduki bila kipimo, hakuondoka nayo mpaka kipimo kikatwe, na hilo hakulidai malipo. Kwenye mdeki alikata alama mbili kwa tupa. Ukiuingiza mdeki ukazama mpaka alama ya juu, mtutu ni mtupu. Ukikomea alama ya chini, umepakiwa kiasi chake. Ukisimama kabla ya alama hiyo, na mdeki umebaki mrefu nje, basi ama umepakiwa mara mbili, ama risasi imekwama njiani na kuacha nafasi tupu juu ya baruti, na yote mawili hupasua mtutu. Nilipokuwa mdogo nilidhani zile alama ni pambo. Mtu aweza kuuliza hali ya bunduki gizani kwa kupapasa alama hizo kwa ukucha, bila taa, na taa karibu na baruti ni balaa nyingine.

"Baruti haitiwi kwa mato, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Mato yana tamaa." Mato, kwa Kimvita chetu, ni macho.

Wala asidhani mtu kwamba kupakia mara mbili ni kosa la wawindaji wa mashambani tu. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani mwaka 1863 ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Nyingi mno zilikuwa bado zimepakiwa, maelfu zikiwa na shehena mbili au zaidi, na moja ilikutwa na shehena 23 moja juu ya nyingine. Wale walikuwa askari waliofunzwa gwaride. Katika makelele ya vita fataki haikuwaka, mtu hakutambua, akapakia tena. Mdeki wenye alama na moyo uliotulia wa kuusoma vingemwambia.

Bastola ya fataki na risasi ya mviringo ilikuja na jibu lake kwa tatizo hilohilo. Samuel Colt alipata hati yake ya uvumbuzi Marekani mwaka 1836: silinda inayozunguka yenye vyumba vitano au sita, kila chumba kikipakiwa baruti na risasi kwa mbele na kuvishwa fataki nyuma. Kwa mwalimu wa fizikia, uzuri wake ni kwamba chumba chenyewe ni kipimo. Gobori itameza baruti hata ujaze robo ya mtutu wala haitalalamika, lakini chumba cha silinda kikijaa kimejaa, na lazima ubakishe nafasi ya risasi. Ukitia bila kiasi, risasi inachomoza na silinda haizunguki.

Hata hivyo uzuri huo una sharti, nalo ni kwamba chuma kilingane na chumba. Mwaka 1847 Colt alitoa bastola kubwa iliyoitwa Walker, ya wapanda farasi wa Marekani, na chumba chake kiliingia nafaka 60 za baruti, yaani karibu gramu 4. Bastola ya Navy ya mwaka 1851 ilitumia chini ya nusu ya hiyo. Chuma cha silinda za Walker hakikuwa imara kote, na kati ya bastola elfu moja za mwanzo nyingi zilipasuka, nyingine kwa kujazwa hadi ukingoni, nyingine kwa risasi zenye ncha zilizotiwa kinyume zikaacha pengo. Iliyofuata, Dragoon, ilifupishwa silinda na mtutu, ikapunguziwa shehena. Pale kiwanda kilikubali kwa vitendo kwamba kipimo kilizidi.

Bastola za namna hiyo zilifika pwani yetu viunoni mwa wasafiri. John Hanning Speke alikuwa na bastola ya Adams alipovamiwa Berbera mwaka 1855, na Januari 1857 yeye na msafiri mwenzake Burton walipita Mombasa. Zilikuwa na hatari yake ya pekee: moto wa chumba kimoja kuruka ukawasha vyumba vya jirani, vyote vikalipuka pamoja mkononi. Dawa yake ni risasi inayobana chumba sawasawa, na shahamu kuzibia mdomo wa kila chumba. Katika joto la Mombasa shahamu tupu huyeyuka ikachuruzika hadi kwenye baruti, ikailowesha. Babu alipata kuzishika bastola kadhaa za namna hiyo, zilizobaki katika masanduku ya watu, na yeye alichanganya nta ya nyuki na shahamu ili isimame mbele ya jua. Alisema watu wa baridi waliitengeneza kwa ajili ya baridi.

Maji na chumvi ndiyo adui wa kila siku, na katika kisiwa chetu hawana msimu. Masizi ya baruti yakilala usiku mmoja katika mtutu, asubuhi chuma kimeota kutu, na kutu hula unene ambao ndio uliokuwa ukizuia shinikizo. Bunduki iliyohimili kipimo fulani mwaka juzi huenda isikihimili mwaka huu. Kwa hiyo kila bunduki ilioshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa, ikapakwa mafuta ya nazi, siku ileile iliyopigwa. Kuna bunduki moja iliyopata maji kwa heri. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikwenda Ukambani mwaka 1851, na karibu na mto Tana msafara wake ukashambuliwa na mwenyeji wake Kivoi akauawa. Krapf akakimbia peke yake porini. Hakuwa na chombo cha maji, akajaza maji ya mto katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Tangu hapo bunduki yake haikuwa silaha tena, ilikuwa chombo cha maji.

Januari 1875 Mombasa ilishuhudia zama mbili zikigongana waziwazi. Muhammad bin Abdallah, mtu wa asili ya Hadhramaut aliyekuwa akida wa Ngome, alimwasi Sultani Seyyid Barghash na kujifungia ndani. Waingereza wakaleta manowari mbili, Rifleman na Nassau, zikaipiga Ngome kwa masaa mpaka Akida akasalimu amri. Akahamishiwa Makalla. Mizinga ya Ngome ilikuwa ya kale, baadhi yake imekaa kwenye hewa ya bahari vizazi na vizazi, na mpiga mzinga anayejua kazi yake hupunguza shehena kwa mzinga mkuukuu, au huukataa kabisa. Ukipunguza shehena risasi haifiki. Usipoipunguza unacheza na roho za walio kando yako. Wale wa baharini hawakuwa na hesabu hiyo kichwani.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniuma. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, na vifungu vyake vilipiga marufuku bunduki za kisasa na risasi zake katika ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini ya ikweta. Pwani yetu yote imo. Silaha na baruti zilipaswa kuwekwa katika maghala chini ya usimamizi wa serikali. Ila kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi: bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifereji ndani, na baruti ya kawaida ya biashara, hizo ziliweza kuruhusiwa kuuzwa. Lengo la kukata mkono wa watekaji wa watumwa lilikuwa la haki, sina ubishi nalo. Lakini tazama kilichotokea. Ulaya ilikuwa tayari imeuhamisha mzigo wa kupima kutoka kwa mpigaji hadi kiwandani. Risasi ya kasha inakuja imepimwa na mashine, mpigaji hajui hata ndani mna gramu ngapi. Mwafrika wa pwani na bara akaachiwa kwa sheria silaha ambayo kila mpigo wake ni hukumu ya mkono wake mwenyewe, pamoja na baruti ya daraja la chini ambayo kipipa hiki hakifanani na kile. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, mbele ya watu wake wengi wenye gobori zilisimama bunduki za Maxim.

Ndiyo sababu elimu ya babu iliishi Kibokoni miaka mingi baada ya kusahauliwa kwingineko. Ilikuwa elimu hai kwa kuwa ilihitajiwa.

Huko Ulaya mitutu ilijaribiwa kabla ya kuuzwa. Chama cha watengeneza bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Liège nayo ilikuwa na yake. Mtutu ulitiwa shehena kubwa kuliko ya kawaida, ukapigwa bila mtu kuushika, na ukipona ulipigwa muhuri mdogo karibu na kitako. Babu aliisoma mihuri ile kwa lenzi aliyoiokoa kwenye darubini mbovu. Lakini muhuri husema habari za siku ile tu. Miaka 60 ya chumvi na maungio ya kienyeji haimo.

Kwa hiyo alikuwa na jaribio lake. Alivuka na bunduki hadi shamba la jamaa zetu Likoni. Kabla ya yote alizungusha uzi wa pamba kwenye mtutu juu tu ya mahali pa baruti, akauvuta ukabana, akafunga fundo, akauteleza ukatoka mbele na kuuhifadhi. Akaifunga bunduki juu ya gogo la mnazi kwa kamba ya usumba. Akaitia baruti zaidi ya kipimo chake na risasi ya pili juu ya ya kwanza, akafunga uzi mrefu kwenye kifyatulio, akajificha nyuma ya ukuta wa mawe ya kisima na kuvuta. Moshi ukiisha hakukimbilia. Aliosha mtutu, akaukausha, akaupitisha ule uzi wa fundo mpaka mahali pake. Ukipita kama mwanzo, mtutu haukuvimba. Ukikataa hata kwa upana wa unywele, chuma kimetanuka na hakitarudi, na bunduki hiyo haikurudi kwa mwenyewe kama bunduki. Alimpa fedha ya chuma chake. Wengine waligomba naye mlangoni, maana gobori ilikuwa mali ya urithi, na yeye alisimama na uzi wake mkononi akiwaonyesha. Hapo ndipo nilipojifunza fizikia, kabla ya darasa lolote.

Kilichomtisha zaidi ni baruti isiyotoa moshi. Paul Vieille wa Ufaransa aliivumbua mwaka 1884, na Waingereza wakapata kodaiti yao muda mfupi baadaye, nyuzi za rangi ya manjano zilizojazwa katika risasi za .303. Bunduki ya .303 imeumbwa kuhimili shinikizo la tani 15 na zaidi kwa inchi ya mraba, kwa chuma cha pua kilichopikwa kwa ajili hiyo. Gobori haikaribii hapo. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 risasi za kijeshi zilizagaa bara, na baruti ya dukani ilikuwa ghali na ya kibali. Kuna waliofungua kasha na kumimina zile nyuzi katika gobori kwa kipimo kilekile cha pembe. Ujazo ni uleule, nguvu si ile. Aliletewa mtutu mmoja uliofunguka kwa urefu mpaka karibu na mdomo, mwenyewe amepoteza mkono wa kushoto, na familia ikauliza kama utashoneka. Aliuning'iniza juu ya meza yake ya kazi, na kila aliyekuja kuchukua bunduki alioneshwa kwanza.

Hali ya hatari ilipotangazwa nchini tarehe 20 Oktoba 1952, masharti ya silaha na baruti yalibana sana hata katika pwani. Wateja walipungua, kisha wakaacha kuja. Babu aliuza mitutu aliyobaki nayo kwa kilo, akagawa vipimo vya pembe kwa watoto wachezee, na akageukia karabai na stovu za Primus, ambazo kila nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa nazo. Stovu iliyoungwa tangi hakuirudisha siku hiyo. Aliipeleka uani, akaipampu kupita kawaida, akaiacha nyuma ya ukuta wa matumbawe mpaka baada ya Alasiri, na mwenye stovu akasubiri.